Taolu na Ngumi za Kweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo ya shule darasa langu la jioni hapa Dar es Salaam hupata wageni, na kila mgeni huja na swali lilelile alilolivalisha nguo nyingine. Wengi wetu tuliingia kwenye kung fu kupitia vibanda vya video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na huko kila mtoto alijua sheria moja: stelingi hafi. Sasa mtoto amekua, ameona mapambano ya kweli kwenye simu, na anataka kujua kama zile mbwembwe za makucha ya simbamarara na mbawa za korongo zitamfaa siku akikabwa. Nimeyakusanya maswali hapa ili nisiyarudie kila Jumatatu.

Taolu ni nini hasa?

Ni mfuatano wa mapigo, kinga, hatua na mikao uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, ambao mtu anaufanya peke yake bila mpinzani. Taolu ni neno la Kimandarini. Shule za kusini mwa China zinazotumia Kikantoni husema kuen, yaani ngumi. Watu wa karate wanaita kata. Zamani nilikuwa nasema "fomu", nikaacha siku mzazi mmoja aliponiuliza fomu yenyewe inajazwa wapi na inalipiwa shilingi ngapi.

Urefu hutofautiana sana. Siu Nim Tau, taolu ya kwanza ya Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu ya kusini, unaifanya umesimama palepale bila kupiga hatua hata moja. Gung Gee Fuk Fu Kuen ya Hung Gar, mtindo mwingine wa kusini, ile ya kumtiisha simbamarara, ni safari: miguu yako inachora sakafuni umbo la herufi ya Kichina 工, na ukifika mwisho mapaja yanawaka moto.

Sema kwa kifupi: zinasaidia kupigana au hazisaidii?

Zinamsaidia mtu ambaye tayari anapigana. Asiyepigana zinampa pumzi, miguu yenye nguvu na kumbukumbu nzuri. Ngumi ya kwanza ya uso ikitua, hivyo vyote vinakaa pembeni kumtazama.

Mbona unasema kwa ukali hivyo, na wewe ni mwalimu wa kung fu?

Kwa sababu somo hili nililipia kwa pua yangu. Nilikuwa nimefanya Hung Gar miaka 8, najua taolu sita za mikono mitupu na mbili za silaha, na nilikuwa naonyesha kwenye sherehe, watu wanapiga makofi. Rafiki akanipeleka kwenye gym moja ya ngumi Manzese. Nikapangiwa kijana wa miaka 19, mwepesi kuliko mimi kwa kilo kama 10. Yeye alikuwa na vitu vinne tu: ngumi ya kushoto iliyonyooka, konde la kulia, ngumi ya kuzungusha ya mbavuni, na miguu isiyotulia. Mimi nilikuwa na mapigo zaidi ya mia. Raundi ya dakika tatu haikuisha. Kocha wao, mtu mpole, alinipa kitambaa nifute damu akaniuliza: "Mwalimu, mikono yako mizuri. Ila ulikuwa unamsubiri nani?"

Swali hilo nimelitafuna miaka mingi. Adui wa kwenye taolu ni mtu mwenye adabu sana. Yuko mahali pake siku zote, umbali uleule, na anarusha ngumi yake pale tu ninapokuwa tayari kuikinga. Kijana wa Manzese hakuwa na adabu hiyo. Nilikuwa namsubiri anirushie ngumi ninayoijua, kwa mwendo ninaoujua, na yeye alikuwa ameshaondoka.

Kupigana huanzia machoni: kuona bega limeshtuka kabla mkono haujatoka, kujua kwamba nusu hatua zaidi umeshaingia kwenye konde la mwenzio, kuhisi kwamba pumzi yake imekata na sasa ndiyo zamu yako. Mambo hayo yanatokea kati ya watu wawili. Mtu akifanya taolu peke yake, yule wa pili hayupo, basi hayo nayo hayapo, hata aifanye mara elfu kumi.

Anayejua ushairi atanielewa upesi. Mtu anaweza kuhifadhi utenzi mzima, akazijua mizani na vina kuliko mji wote. Kisha yanakuja malumbano, mwenzake anamtupia fumbo lililotungwa usiku uleule. Akiba ya maneno anayo, na bila akiba hiyo asingethubutu hata kusimama. Lakini kujibu papo kwa papo ni kazi nyingine, nayo mtu huijua kwa kujibizana.

Kama hazifundishi kupigana, Wachina walizitunga za nini?

Sababu ni nyingi, na kadhaa kati yake hazihusiani na pigano.

Kubwa ni hifadhi. Wakulima, walinzi wa misafara na askari wa kawaida wengi wao hawakujua kusoma. Taolu ilikuwa kitabu chao: mwalimu akifa, mapigo yake yanabaki ndani ya miili ya wanafunzi, kwa mpangilio unaokumbukika. Ndiyo maana hata leo ukikuta pigo la ajabu ndani ya taolu ya zamani, usiharakishe kulitupa. Huenda ni ukurasa ambao hujajua kuusoma.

Halafu kuna suala la miili. Kabla ya glovu na kinga ya meno, kupigana na wenzako kila jioni kulimaanisha vidole na meno kuisha kabla ya ujuzi kufika. Kwa silaha ndiyo kabisa. Nani atafanya mazoezi huru na panga lililonolewa?

Na biashara ilikuwepo. Wauza dawa za michubuko na mifupa iliyoteguka walikuwa wakionyesha taolu sokoni ili watu wasogee, na kinachovuta watu lazima kipendeze. Hakuna aibu hapo. Kirumbizi cha Lamu, fimbo zinapogongana kwa mdundo wa ngoma, kina ufundi wa kweli wa fimbo ndani yake, ila watu wanaokizunguka wamefuata raha.

Wachina wenyewe waliijua tofauti hii zamani kuliko sisi. Jenerali Qi Jiguang (1528–1588), aliyepigana na maharamia kwenye pwani ya China, aliandika kitabu cha kufunza jeshi, Jixiao Xinshu, karibu mwaka 1560. Ndani yake mna sura ya ngumi yenye mikao 32. Lakini humohumo anakiri kwamba mikono mitupu haionekani kuwa na kazi kwenye vita vikubwa. Faida yake ni kuzoesha mikono na miguu, na kumfungulia mlango anayeanza. Katika toleo la baadaye sura ile aliitoa kabisa. Huyo alikuwa mtu aliyepeleka vijana vitani na kuzika baadhi yao, kwa hiyo namsikiliza. Kuna na msemo wao wa kumkejeli mtu wa maonyesho: ngumi za maua, miguu ya tarizi.

Mapigo ya taolu sijawahi kuyaona kwenye pambano lolote. Mtu anapigana vipi mkono mmoja ukiwa kiunoni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Ukitazama picha, unaona mtu amejishusha, mguu wa mbele umekunjwa, ngumi moja imenyooka na nyingine imerudi kiunoni. Bondia anacheka: kidevu kiko wazi! Na anacheka kwa haki, kama picha ile inaonyesha ulinzi. Sasa mwambie mwenzako akupe mkono, ushike kifundo chake au mkono wa shati lake, kisha uvute kuelekea kiunoni mwako huku ukipiga. Ngumi yako inakutana na mwili unaokuja. Mkono wa kiunoni haukuwa umepumzika, ulikuwa umeshika kitu.

Usishangilie bado. Mwambie mwenzako arushe ngumi kama bondia, inayokwenda na kurudi, kisha jaribu kuishika. Hutaweza. Nimejaribu, wanafunzi wangu wamejaribu, na tumeambulia vidole vilivyoteguka. Maana yake pigo lile si la umbali wa ngumi. Ni la pale ambapo mmeshakamatana, nguo zimeshikwa, mikono imefumana, jambo ambalo kwenye ugomvi wa kweli hutokea haraka kuliko watu wanavyodhani.

Mkao wenyewe nao una siri yake. Ule mguu wa mbele uliokunjwa na wa nyuma ulionyooka, Wachina wanauita mkao wa upinde. Hakuna anayepigana akiwa amekaa hivyo. Ila weka paja lako nyuma ya paja la mpinzani, mkono kifuani pake, halafu ingia kwenye mkao ule kwa nguvu: amekwenda mwereka. Picha inaonyesha mwisho wa tendo, na faida iko njiani, pale uzito unapohama. Wacheza sanda, yale mapambano ya Kichina ya ngumi, mateke na mieleka, wanaangusha watu hivyo kila wiki bila kujua kwamba babu zao walikihifadhi kitu kilekile kwenye taolu.

Tahadhari moja. Kuna walimu wanaobuni maelezo. Mwanafunzi anarusha ngumi moja, kisha anaganda mkono umenyooka kama anaanika nguo, na mwalimu anamfanyia mambo kumi. Kila maelezo ya pigo lazima yapite kwa mtu anayekataa kupigwa. Yasipopita, ni hadithi nzuri tu.

Kukaa mkao wa farasi, magoti yamekunjwa kama uko juu ya tandiko, dakika kumi kuna faida gani?

Mapaja, nyonga na ukaidi. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa mtu wa kazi. Zaidi ya hapo unajifunza kuvumilia maumivu, ambayo nayo ina thamani yake, ingawa ukikimbia ngazi utapata pumzi pia. Magoti yakiuma kwa ndani, acha siku hiyohiyo.

Siu Nim Tau haina hata hatua moja. Itanisaidia nini?

Inakufundisha kiwiko. Sehemu ya kwanza inafanywa polepole mno, mkono unakwenda mbele na kurudi mara tatu, kiwiko kikibanwa kuelekea katikati ya kifua, na mabega yasipande. Bondia anatumia miezi akiambiwa "kiwiko ndani!", Wing Chun wamekitengea taolu yake. Wakishamaliza wanakipeleka kwenye chi sao, ile ya kugusana mikono wawili wawili, ambako mwenzako anasukuma na wewe unajua kwa ngozi ni wapi pana nafasi.

Lakini ona mpangilio: taolu, kisha mtu anayegusa, kisha mtu anayepiga. Hong Kong ya miaka ya 1950 wanafunzi wa Ip Man, mwalimu wa Wing Chun, walikuwa wakienda juu ya mapaa ya majengo kupigana na vijana wa shule nyingine kwa siri. Wong Shun Leung, aliyejulikana kuliko wote kwa mapambano hayo, alikuwa ameshapitia ngumi za kawaida kabla ya kufika kwa Ip Man. Watu wanasimulia ushindi wa Wing Chun na kulisahau lile paa.

Ile video ya mwaka 2017, mtu wa MMA, mapigano mchanganyiko, anamchapa mwalimu wa tai chi, ile kung fu ya mwendo wa polepole. Je, kung fu ni uongo?

Unazungumzia Xu Xiaodong na Wei Lei, Chengdu, Aprili 2017. Haikufika hata sekunde 20. Wei Lei aliingia mikono imetandazwa kama mtu anayepima joto la maji, Xu akamwendea moja kwa moja, akamwangusha, akamshushia ngumi hadi akazuiwa. China nzima ililizungumza, na Xu mwenyewe baadaye aliandamwa na matatizo kwa kuendelea kuwachokoza mabingwa wa jadi.

Wengi wameona humo ushahidi dhidi ya mtindo mzima. Mimi naona mtu ambaye hakuna dalili kwamba alikuwa amezoea kupigwa. Ukitaka kisa chenye uzito zaidi, tafuta filamu ya Macau ya tarehe 17 Januari 1954. Wu Gongyi, mkubwa wa tai chi ya familia ya Wu, na Chan Hak Fu wa mtindo wa korongo mweupe, kijana kuliko yeye kwa miaka mingi, walipanda jukwaani kwa ajili ya kuchangia waathirika wa moto wa Shek Kip Mei, Hong Kong. Hawa hawakuwa matapeli. Walikuwa vinara wa mitindo yao mbele ya umati mkubwa. Kilichoonekana ni mikono inayozungushwa, mateke ya kubahatisha, pua inayotoka damu, na mwisho hakuna aliyetangazwa mshindi. Korongo hakuonekana, tai chi haikuonekana. Presha ilipopanda, kila mmoja akarudi kwenye mwili wake wa asili, kama wanavyopigana makonda stendi.

Siwacheki. Walipanda, na wengi wa waliowacheka hawakupanda kokote. Lakini filamu ile inafundisha kuliko mihadhara kumi: kitu ambacho hukukizoea chini ya presha hakitakujia chini ya presha.

Nani basi aliyetoka kwenye kung fu akashinda kweli?

Tazama sanda. Kuanzia mwaka 1979 China ilianza kufanyia majaribio mapambano yenye sheria: ngumi, mateke na mieleka ya kusimama, juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8 lenye kimo cha sentimita 80, na ukimsukuma mtu akaanguka nje unapata pointi. Cung Le, aliyezaliwa Vietnam akakulia Marekani, alitoka kwenye sanda, na Machi 2008 alimvunja Frank Shamrock mkono kwa mateke na kuchukua ubingwa wa Strikeforce, shirika la mapambano ya MMA la Marekani. Zhang Weili naye alipitia sanda. Agosti 2019, Shenzhen, alimmaliza Jessica Andrade kwa sekunde 42 na kuwa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa UFC, shirika kubwa la MMA.

Mtu wa jadi atasema sanda si kung fu, ni ngumi za kigeni zilizovalishwa hariri. Kwa kiasi fulani ni kweli: mchezaji wa sanda hatumii asubuhi nzima kufanya taolu. Lakini tazama anavyolidaka teke na kumpiga mtama mguu uliobaki, halafu fungua taolu za kaskazini mwa China. Kitu hicho kimo, kimewekwa vizuri, kinakusubiri umlete mtu wa kukirushia teke.

Bruce Lee alizikataa taolu. Mbona wewe unaendelea?

Alizikataa baada ya kuzijua. Alijifunza kwa Ip Man akiwa kijana, akafundisha watu Marekani, kisha akapigana na Wong Jack Man kule Oakland. Kuna masimulizi mengi kuhusu pambano lile, ila mwenyewe hakuridhika na jinsi alivyopigana, na alichoka kuliko alivyotarajia. Mwaka 1967 alikuwa na jina la njia yake mpya, Jeet Kune Do. Anayesema "hata Bruce Lee hakufanya taolu" akiwa hajawahi kufanya kitu chochote anafanana na mtu anayedharau shule kwa sababu tajiri fulani aliacha chuo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Wang Xiangzhai (1885–1963). Alifunzwa xingyi, mtindo wa kaskazini, kwa njia ya Guo Yunshen, bwana aliyesifika kwa pigo moja tu, beng quan, ngumi iliyonyooka na nusu hatua. Wang akafika mahali akaona taolu zinawapumbaza watu, akazifuta zote, na mtindo wake akauita Yiquan. Tazama alichokiacha: kusimama kwa utulivu muda mrefu, kujaribu nguvu polepole peke yako, kusukumana wawili, na kupigana. Alifuta mfuatano, lakini mazoezi ya peke yako aliyabakiza. Nadhani hapo ndipo penye hoja, maana watu hugombana kuhusu taolu kana kwamba chaguo ni hiyo au glovu tu.

Bondia naye anapiga kivuli, anarusha ngumi hewani peke yake. Tofauti iko wapi?

Kivuli cha bondia kinabadilika. Jana amepigwa ubavuni, leo utamwona anashusha kiwiko kila baada ya ngumi mbili. Taolu yangu haijui nilipigwa wapi jana. Ile ya kocha ya "moja-mbili, toka kushoto" ni taolu fupi, ukitaka kuiita hivyo, na ufupi wake ndio uhai wake: unaweza kuijaribu mara 30 kwa jioni moja dhidi ya mtu. Bondia anayepiga kivuli miaka kumi bila sparingi, yaani kupigana na mwenzake mazoezini, atapata nilichopata Manzese.

Na taolu za mashindano ya wushu, kung fu ya kimichezo, zile za kuruka na kuzunguka hewani?

Ni mchezo wa jukwaani, mgumu kweli, wenye wanariadha ninaowaheshimu. Changquan (ngumi ndefu) na nanquan (ngumi za kusini) za mashindano zilipangwa upya chini ya serikali kuanzia miaka ya 1950, na taolu ya tai chi ya mikao 24 iliyoenea dunia nzima ni ya mwaka 1956. Jet Li alikuwa bingwa wa China katika haya kabla ya kamera kumjua. Wushu imeingizwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na nitafurahi nikiona Mwafrika kwenye jukwaa lile. Kwa kupigana, usitegemee kitu. Waamuzi wanatoa alama za kutua vizuri.

Nijifunze taolu ngapi?

Moja. Ukiimaliza kuichambua, njoo tuzungumze ya pili. Mtindo wa Choy Lee Fut una taolu zaidi ya mia, Wing Chun ina tatu za mikono mitupu, na hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba mwenye mia anampiga mwenye tatu.

Na mtaani? Kibaka ana kisu, nifanyeje?

Mpe simu. Ukiweza kukimbia, kimbia. Nafundisha silaha na nasema hivyohivyo. Taolu ya kumnyang'anya mtu kisu inapendeza kwa sababu kisu ni cha mbao. Chukua kalamu ya wino mzito, mpe mwenzako, vaa fulana nyeupe, mwambie ajaribu kukuchora kwa nguvu zake zote. Hesabu mistari.

Ugomvi wa watu wawili, mmoja amelewa na anakusukuma, ni jambo lingine. Hapo miguu iliyozoea kubeba uzito ikisukumwa ina faida kubwa, na hiyo taolu iliyofanywa vizuri inatoa. Mtu mwenye mkao haanguki kirahisi, na asiyeanguka ana muda wa kufikiri. Kumbuka tu kwamba sheria inakuruhusu kujihami kwa kiasi kinacholingana na hatari. Akishaanguka, hatari imekwisha.

Basi nifanye vipi mazoezi ili taolu iwe na kazi?

Darasa langu ni la dakika 90, na taolu inachukua 20. Zilizobaki zinatoka humohumo kwenye taolu.

Tunachukua vipande viwili au vitatu vilivyofuatana, sema kinga ya mkono wa kushoto, kuvuta, na ngumi. Kwanza mwenzako anakupa shambulio polepole, na kazi yako ni kuona kiko wapi kiwiko chake na wapi ulipo mguu wako. Ikikaa, anaongeza kasi, lakini bado unajua kinachokuja. Kisha anaruhusiwa kuchagua kati ya mashambulio mawili. Hapa ndipo uso wa mwanafunzi hubadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza anatakiwa kuona. Mwisho tunavaa glovu za aunsi 16, kinga ya meno na kinga ya chini, tunafanya raundi za dakika mbili, mmoja akijaribu kuingiza kitu kilekile na mwingine akipigana anavyotaka. Kichwani tunapiga kwa kugusa. Ubongo haukomazwi kwa mazoezi.

Siku ya kwanza hakitaingia. Siku ya kumi kitaingia mara moja, kwa sura mbaya, mkono umepinda, mguu haupo pake, na mwanafunzi atakuja kuniomba radhi kwamba hakufanya kama kwenye taolu. Hapo ndipo ninapofurahi. Baada ya hapo tunarudi kwenye taolu na kuifanya tena, na sasa kile kipande hakiwi kitupu: mwili unakumbuka uzito wa mkono wa mtu.

Kipande kisichoingia kamwe, baada ya miezi na watu tofauti, sikitupi. Nakiacha ndani ya taolu kama neno la zamani kwenye utenzi, nakifundisha kwa usahihi, na namwambia mwanafunzi wazi kwamba hiki sijui kukitumia. Mara mbili katika miaka yangu amekuja mcheza mieleka akakitazama na kusema, "Ah, hiki ni cha kumtoa mtu mgongoni." Na kweli kilikuwa hicho.

Mtoto wangu ana miaka 7. Aanze na taolu au sparingi?

Taolu na michezo ya kusukumana, ya kukanyagana vidole, ya kunyang'anyana kitambaa. Ngumi za kichwa hapana, hata akizitaka.

Niko mkoani, sina mwenza wa mazoezi. Taolu peke yake itanifikisha wapi?

Itakuweka tayari kwa siku utakayompata mwenza. Ifanye, lakini usiifanye kwa kasi ileile kila siku. Leo polepole ukitafuta uzito uko mguu gani, kesho vipande vitatu tu kwa nguvu zote, keshokutwa ukiwa umeshatoka kukimbia na pumzi imekata. Fanya upande wa pili pia, kwa kuwa taolu nyingi zinapendelea mkono mmoja.

Na tundika gunia. Kivuli hakikwambii kama ngumi yako imepinda, gunia linakwambia papo hapo. Usijaze mchanga mtupu. Unashuka chini na kuwa jiwe, na kifundo cha mkono kitalalamika ndani ya wiki. Jaza nguo kuukuu ulizokatakata na maranda ya seremala, shindilia kidogokidogo, acha mchanga kiasi cha mfuko mdogo katikati kwa ajili ya uzito. Kamba iwe ya katani, tawi liwe la mwembe wenye afya, na jirani apewe taarifa kabla hajasikia vishindo saa kumi na moja alfajiri.